Ligi kupeleka mechi ng'ambo: anatafutwa shabiki mpya au anakamuliwa wa zamani?

#1 KonaYaMwisho

Wakuu salaam.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu ile sarakasi ya Miami, leo nimeona bora nilitapike hapa.

Kwa ambao hawakufuatilia: Villarreal na Barcelona za Hispania zilipangiwa mechi ya ligi yao, La Liga, pointi tatu kamili, ichezwe Miami tarehe 20 Desemba 2025. UEFA ikaruhusu mwanzoni mwa Oktoba huku ikinung'unika waziwazi. Real Madrid wakapinga, kwamba timu moja inapunguziwa ugenini katikati ya mbio za ubingwa. Halafu wachezaji wa La Liga wakaja na mgomo wa kimya ambao sijawahi kuuona. Refa anapuliza, mpira uko katikati, na watu 22 wamesimama tuli kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Sekunde 15. Hakuna pasi, hakuna anayenyanyua mguu.

Runinga ikafanya nini? Mechi ya kwanza ya wikiendi ile, Oviedo na Espanyol, filimbi ilipolia picha ikahamia nje ya uwanja. Tukaonyeshwa jengo. Mtu umekaa mbali huko, umewasha kuona mpira, unaangalia paa.

Siku chache baadaye, tarehe 21 Oktoba, mwandaaji akakunja jamvi. Miezi miwili mbele, Milan na Como wa Italia waliokuwa wapelekwe Perth, Australia, nao wakabaki kwao.

Hoja yangu ni hii. Kila mechi ikisafirishwa tunatajwa sisi, "mashabiki wetu duniani kote". Sasa mimi ndiye huyo wa duniani kote. Sijawahi kukanyaga Hispania. Nilichokipenda kwenye ligi ile ni uwanja mdogo umebana, bibi mwenye skafu anamtukana mshika kibendera kutoka mita tatu, timu kubwa inakuja pale inatetemeka. Ukiniondolea pale ukanipelekea kwenye uwanja wa kukodi wenye watalii, umeniletea kitu ambacho sikukiagiza.

Nasimama kurekebishwa.

#2 Supasabu

Nimevuta kiti.

#3 MzeeWaRibaundi

Mleta uzi umechanganya madesa. Umeanza na "ligi kupeleka mechi ng'ambo" ukamalizia na La Liga, kana kwamba ligi zote zina umbo moja. Hazina.

Ligi ya soka ni mizani. Timu 20, kila moja inakutana na kila moja mara mbili, kwako mara moja na kwangu mara moja. Ukigusa mechi moja tu, mizani imepinda: fulani alikwenda kwa Villarreal akala kichapo pale pale kwao, Barcelona akacheza nao ufukweni Florida. Hapo nakubaliana na wachezaji asilimia mia.

Lakini NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ina timu 32 na mechi 17 tu za msimu wa kawaida. Kuna timu hukutani nazo kabisa mwaka huo, na ratiba yenyewe haijawahi kuwa sawa kwa wote. Kikapu cha NBA ni mechi 82, besiboli ya MLB ni 162. Ukichomoa moja ukaipeleka Paris au Tokyo, nani atalia kwamba ubingwa umeibwa?

Ndiyo maana wao wamefanya miaka yote hii bila mgomo kama huu. NBA ilicheza mechi za msimu Tokyo mwaka 1990, Phoenix na Utah. NFL ilikwenda Mexico City mwaka 2005, Arizona na San Francisco, uwanja wa Azteca, watu 103,467. Soma tena hiyo namba taratibu.

#4 Supasabu

Laki moja na ushee kuangalia Arizona? Au kulikuwa na mvua wakaingia kujikinga?

#5 MzeeWaRibaundi

Hahaha. Walilipa, mkuu.

#6 MkekaUmechanika

Mzee umetuletea zile zilizokwenda vizuri. Ongeza na hizi basi.

Desemba 2013, San Antonio na Minnesota wa NBA wako Mexico City, jenereta ikafuka moshi ukajaa ukumbi mzima, mechi ikafutwa usiku ule ule. Ikaja kuchezwa Minneapolis mwaka uliofuata.

Novemba 2018, Kansas City na Rams za NFL zimepangwa Azteca. Siku sita kabla ya mechi ligi inatazama nyasi inakuta kiwanja kimekuwa shamba lililolimwa vibaya. Mechi ikarudishwa Los Angeles. Na unajua waliokata tiketi Mexico walikosa nini? 54 kwa 51. Mara ya kwanza katika historia ya NFL timu zote mbili kufikisha 50 kwenye mechi moja. Mpaka leo nikikumbuka nawaonea huruma watu ambao siwajui.

#7 DadaWaJukwaaLaJuu

Jamani mbona mnaongea kama hakuna aliyewahi kwenda. Mimi nilikwenda. Nimeishi London miaka kadhaa, na rafiki yangu wa kazini alikuwa na tiketi ya ziada ya NFL pale uwanja wa Tottenham. Sikujua hata sheria moja.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni jezi. Kwenye soka ukiingia na jezi ya timu isiyocheza siku hiyo watu wanakutazama kama umepotea msiba. Pale kila mtu ana yake. Timu 32 zote nadhani nilizihesabu kuanzia kituo cha treni mpaka getini. Baba mmoja aliyekaa kulia kwangu alivaa ya Miami na Miami hawakuwepo. Nikamuuliza. Akanijibu bila kugeuza kichwa kwamba yeye huja kila mwaka, nani anacheza hilo ni jambo la pili. Ana mtoto wa miaka kama kumi, na mtoto ndiye aliyenifundisha sheria, kila dakika ananivuta mkono, "hapana, hapana, sasa wana nafasi nne".

Cha pili ni kiwanja. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 2019 ukiwa umejengwa kwa shughuli zote mbili. Nyasi za soka zinagawanyika vipande vitatu, zinateleza zinaingia chini ya jukwaa la kusini, na chini yake kuna nyasi bandia za NFL. Mtu hawekezi kitu kama hicho kwa ajili ya mchezo wa siku moja, KonaYaMwisho. Wale wamekuja kukaa.

Kwa hiyo ukisema watalii, mimi nilikuwa mtalii, sawa. Yule baba sio.

#8 RefaMstaafu

Dada umenikumbusha mwanzo wake. Oktoba 2007, mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida ya NFL London, Giants wakawafunga Dolphins 13 kwa 10 pale Wembley. Mvua, matope, majitu ya kilo mia na ushee yanasukumana katikati ya uwanja. Wiki zisizozidi nne baadaye Uingereza wakacheza pale pale na Croatia, wanahitaji sare tu waende Euro 2008. Kiwanja kimechunika, mpira unadunda unavyotaka, wakalala 3 kwa 2 na kocha akafukuzwa.

Sisemi NFL ndiyo iliyowatoa. Croatia walikuwa bora. Ila uwanja ule uliongelewa sana, na nadhani ndipo watu walipojifunza kwamba mgeni akija usimlaze kitanda cha mwenye nyumba.

#9 KonaYaMwisho

Dada, nimekusoma na nimekuelewa. Yule mtoto amenigusa, sitaki kujifanya.

Lakini tuulizane pia kuhusu aliyenyang'anywa. Jacksonville wa NFL wamepeleka mechi yao moja ya nyumbani London karibu kila mwaka tangu 2013. Enzi zile timu ilikuwa na mechi nane tu za nyumbani kwa msimu. Moja kati ya nane! Kuna mtu kule amelipia kiti miaka nenda rudi, ameisindikiza timu ikifungwa kila wiki, halafu anaambiwa mwaka huu mara moja tutakuwa ng'ambo, tazama kwenye runinga. Mmiliki wa timu, Shahid Khan, ana Fulham pia, kwa hiyo yeye London ni kama anakwenda chumba cha pili.

#10 MzeeWaRibaundi

Hilo lina ukweli, ila lilitibiwa. Tangu 2021 msimu una mechi 17. Sabini... samahani, kumi na saba haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo kila mwaka nusu ya ligi ina mechi tisa za nyumbani na nusu ina nane. Timu inayopelekwa nje kama mwenyeji kwa kawaida huchukuliwa kutoka upande wenye tisa. Anabaki na nane zake kama zamani. Jacksonville ndio wamejitolea kwa hiari yao kuzidi wengine.

Ujanja, lakini ujanja wenye adabu kidogo.

#11 MkekaUmechanika

Adabu ya kuongeza mechi ya 17 juu ya viungo vya wachezaji. Endelea, mzee.

#12 RefaMstaafu

Nirudi kwenye soka, maana vijana wengi wanadhani hili limeanza na Miami.

Februari 2008 Ligi Kuu ya Uingereza, chini ya bosi wake Richard Scudamore, ilileta wazo la mechi ya 39. Timu zicheze 38 za kawaida, na kila moja iongezewe moja nje ya nchi, miji mitano tofauti, pointi zinahesabiwa. Fikiria. Wewe unapigania kutoshuka daraja, unapangiwa kinara huko mbali, mwenzako mnayebanana naye anapangiwa timu ya mkiani. Mashabiki walichachamaa, FIFA ikang'aka, likafa. Siku hizi wao huenda Marekani majira ya joto na vikombe vya maandalizi tu, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna pointi.

La Liga wakajaribu mara ya kwanza Girona na Barcelona, Miami, Januari 2019. Shirikisho la Hispania likakataa, chama cha wachezaji kikakataa, FIFA nayo ikasema mechi ya ligi ichezwe kwenye nchi ya ligi. Barcelona wakajitoa. Mwandaaji, kampuni ya Relevent, akaenda mahakamani Marekani, na mwaka 2024 akamalizana na FIFA, ambayo ikaunda kikosi cha kuitazama upya sheria. Mlango uliokuwa na kufuli ukabaki na komeo. Ndiyo maana 2025 walifika mbali kuliko wakati wowote, na waliowazuia safari hii ni wachezaji na mashabiki kuliko karatasi.

#13 ZamuYangu

Mbona mnasahau Super Cup, ile ya bingwa wa ligi na bingwa wa kombe? Hizo zilishauzwa zamani na hakuna aliyesimama sekunde 15.

Waitaliano walianza 1993, Milan na Torino huko Washington. Mwaka 2002 Juventus na Parma wakacheza Tripoli, na kampuni ya serikali ya Libya ilikuwa na hisa Juventus, kwa hiyo hata hawakuhangaika kuficha kwa nini. Wafaransa wamezunguka Montreal, Tunis, Tangier, Beijing, na 2013 PSG na Bordeaux wakapelekwa Libreville, Gabon. Hispania walianza kwenda Saudi Arabia Januari 2020, na kombe lenyewe likabadilishwa kutoka timu mbili kuwa nne ili kapu lijae.

Halafu kuna Uturuki. Desemba 2023, Galatasaray na Fenerbahçe, Riyadh, mwaka wa 100 wa jamhuri yao. Timu zinataka kuingia na fulana na mabango ya Atatürk, mwasisi wa jamhuri, wenyeji hawataki. Mashabiki wameshakaa, timu zikagoma, wakapanda ndege wakarudi. Mechi mliyouza kwa wageni inabeba historia yenu yote ndani, na mwenyeji hajanunua historia, amenunua dakika 90.

#14 Supasabu

Hiyo ya Uturuki ikaishia wapi?

#15 ZamuYangu

Aprili 2024, Şanlıurfa, nyumbani kwao. Fenerbahçe, wakiwa na ugomvi mwingine na shirikisho, wakaleta vijana wa chini ya miaka 19. Icardi wa Galatasaray akafunga dakika ya kwanza. Vijana wakatoka uwanjani wote. Mwisho.

#16 Supasabu

Yaani walizunguka mpaka Riyadh na kurudi kwa ajili ya dakika moja. Mimi nimechoka.

#17 MkekaUmechanika

Na Hong Kong, Februari 2024? Haikuwa ligi, ilikuwa kirafiki, lakini biashara ni ile ile. Inter Miami wanakuja, bango lote ni sura ya Messi. Watu wamejaza uwanja. Messi yuko benchi, amevaa koti la mazoezi, dakika zinakwenda, uwanja unaimba jina lake, hainuki. Mwisho wimbo ukageuka kuwa "rudisheni pesa". Siku tatu baadaye akaingia uwanjani Tokyo. Waandaaji walirudisha nusu ya nauli ya tiketi.

Huyo ndiye shabiki mpya anavyopokelewa. Mchezaji anaumwa, hilo halina mjadala, mwili ni wake. Lakini ukiwa nyumbani Messi akikosa leo utamwona Jumamosi. Huyu wa mbali ana siku moja tu, ikipita imepita.

#18 RefaMstaafu

Nusu ya *bei* ya tiketi, mkuu. Nauli ni ya basi.

#19 MkekaUmechanika

Haya refa, nimeonyeshwa ya njano.

#20 DadaWaJukwaaLaJuu

Naomba niwape upande mwingine kabla hamjazika kabisa. Besiboli.

Machi 2019 Seattle na Oakland walifungua msimu Tokyo. Ichiro, nyota wa Kijapani, ana miaka 45, yuko Seattle, na kila mtu anajua ndio mwisho. Katikati ya mchezo wa pili wanamtoa, anatembea polepole kutoka uwanjani, wenzake wanamkumbatia mmoja mmoja. Mechi ikaisha. Watu hawakuondoka. Wamekaa tu kwenye viti, usiku, wanaita, mpaka akatoka tena peke yake akazunguka akiwapungia.

Niambieni hiyo nayo ilikuwa kukamua. Yule mtu alikwenda Marekani mwaka 2001, miaka yote hiyo wenzake wa nyumbani wanamfuata kwa runinga alfajiri. Wakaletewa wamuage. KonaYaMwisho, wewe hujawahi kukanyaga Hispania, unasema hutaki waje. Ni kwa sababu una hakika hawatakuja kwako.

#21 Supasabu

Eeeh. Mleta uzi, hilo limekupata wapi?

#22 KonaYaMwisho

Limenipata mahali pake. Nimekaa na hii simu dakika kumi nikaandika nikafuta.

Dada, labda ni kweli. Wakija karibu yangu nitakata tiketi, nisidanganye watu hapa. Nitavaa na skafu.

Lakini angalia mfano wako. Japani walikuwa wanacheza besiboli tangu karne ya 19. MLB hawakwenda kutafuta shabiki mpya, walimrudishia mtu wao. Na ile laki moja ya Azteca aliyoisema Mzee nimeifuatilia: NFL ilianza kupeleka mechi za maandalizi Mexico City mwaka 1978. Agosti 1994, Dallas na Houston, maandalizi tu, watu 112,376. Kwa hiyo 2005 walikuta shamba limeshaiva. Ndio ninachosema: ligi haiendi mahali kutengeneza mapenzi. Inakwenda yakishakuwepo, na sanduku la tiketi mkononi.

#23 MzeeWaRibaundi

Na nani aliyelima shamba? 1978, 1994, hizo si mechi za ng'ambo? Umejijibu mwenyewe.

Chukua Ujerumani. NFL walikuwa na ligi ya pili Ulaya, ilianza 1991, ikapoteza pesa mpaka ikafungwa Juni 2007. Msimu wake wa mwisho timu tano kati ya sita zilikuwa za Ujerumani: Frankfurt, Berlin, Hamburg, Cologne na Düsseldorf. Kila mtu akasema imeshindikana. Miaka 15 baadaye, Novemba 2022, Tampa Bay na Seattle wakacheza Munich, na uwanja mzima ukaimba kwa sauti moja mpaka wachezaji wakabaki wameduwaa. Wale walitoka wapi? Wengine ni watoto waliopelekwa na baba zao kuiona ile ligi iliyokufa. Sasa Frankfurt wamepata, Berlin wamepata, na mwaka 2025 NFL ilicheza mechi saba za msimu wa kawaida nje ya Marekani, Dublin na Madrid zikiwa mara ya kwanza.

#24 KonaYaMwisho

Hapo sawa. Lakini waliolima Ujerumani waliishi pale. Timu ina jina la mji, inafanya mazoezi pale, inafungwa pale. Miaka 16 ya hasara. Ukinionyesha ligi ya soka iliyo tayari kupata hasara miaka 16 kwa ajili ya shabiki wa mbali, nitaufunga uzi huu mwenyewe. Wale wa Miami walitaka kufika Jumamosi na kuondoka Jumapili.

#25 MzeeWaRibaundi

Hilo nakupa.

#26 ZamuYangu

Na wakati mwingine hata ukilima, mwenye shamba anakufungia geti. NBA walikwenda China tangu 2004, Mchina wao Yao Ming akiwa Houston, wakajenga kweli. Oktoba 2019 kiongozi mmoja wa Houston akaandika mstari mmoja mtandaoni kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong. Runinga ya taifa ikazima matangazo. Mechi za NBA hazikurudi kule hadi Oktoba 2025, Macau, Brooklyn na Phoenix, na hizo ni za maandalizi. Mstari mmoja, miaka sita.

#27 DadaWaJukwaaLaJuu

KonaYaMwisho, kwa hiyo umekubali anaweza kupatikana mpya, ila kwa subira. Badili basi kichwa cha uzi, kinasema anakamuliwa.

#28 KonaYaMwisho

Nimejaribu. Muda wa kuhariri umepita.

#29 RefaMstaafu

Na kwenye #10 Mzee aliandika sabini. Nimeiona.